Ununue kitabu kipi cha mchezo wa kuigiza mezani ikiwa unataka mhusika anayeweza kugeuka?

Anayetafuta kitabu cha kanuni cha michezo ya kuigiza ya mezani, ile ya mapanga, majini na uchawi ambamo kila mchezaji huongoza mhusika wake ndani ya hadithi, aghalabu huanza kwa kuhesabu fani, yaani aina za wahusika, zilizomo: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi, malenga na kadhalika. Ziwe nyingi au chache, idadi hiyo haikuambii lililo kubwa. Uliza hivi: mambo yaliyompata mhusika katikati ya hadithi yakimbadilisha, kanuni zitamruhusu abadilike kweli? Na akishabadilika, ataendelea kuwafaa wenzake au atageuka mzigo?

Vitabu vyote hapa nimevipima kwa mhusika mmoja. Ni mwizi wa mifukoni, mwepesi wa mikono, ambaye hajawahi kusali. Siku moja anajeruhiwa vibaya, watumishi wa hekalu wanamuuguza, na anapopona anataka kumtumikia mungu wao.

1. Shadow of the Demon Lord

Kitabu hiki cha Robert J. Schwalb, kilichotoka mwaka 2015, kinashika nafasi ya kwanza kwa sababu hakikulazimishi kuamua mapema. Mhusika hupanda ngazi kadiri hadithi inavyoendelea, na huanza ngazi ya 0 akiwa mtu wa kawaida asiye na fani yoyote. Ngazi ya 1 anachagua njia ya mwanzo kati ya nne: mpiganaji, mchawi, kasisi au mwizi. Ngazi ya 3 anachagua njia ya pili kati ya 16, na ngazi ya 7 njia ya tatu kati ya 64. Hakuna njia inayodai uwe umepitia nyingine kabla yake.

Mwizi wetu anaingia hekaluni akiwa ngazi ya 2, na kwenye ngazi ya 3 anakuwa kasisi au shujaa mtakatifu. Hatoi chochote ili kulipia uamuzi huo. Ujanja wake wa zamani unabaki, nguvu za imani zinaongezeka juu yake, na nafasi ya kuchagua imefika wakati uleule ambao kila mchezaji angeipata. Hilo ndilo ninalolipenda mno: kugeuka kumewekwa ndani ya safari ya kila mhusika, kwa hiyo aliyegeuka hayuko nyuma ya aliyeshikilia njia moja.

Tahadhari moja nzito. Dunia ya kitabu hiki ni ya kutisha, ina damu na mambo machafu, na haifai kwa watoto. Kundi lenu likitaka mfumo huohuo bila ukatili huo, nunueni Shadow of the Weird Wizard wa mtunzi huyohuyo. Muundo wa njia tatu umebaki.

2. Fabula Ultima

Mwitaliano Emanuele Galletto aliutunga kwa kufuata ladha ya michezo ya video ya Kijapani. Hapa kila mhusika ana mchanganyiko tangu siku ya kwanza: unaanza ngazi ya 5, na ngazi hizo tano unazigawa kwenye fani mbili au tatu kati ya 15 zilizomo. Kila ukipanda unaamua ngazi mpya iende fani ipi. Fani moja haizidi ngazi 10, na huruhusiwi kuwa na zaidi ya fani tatu ambazo hujazikamilisha.

Sharti hilo la mwisho ni la busara sana, kwa kuwa linamzuia mchezaji kudonoadonoa kila mahali. Mwizi wetu anaongeza fani ya mwenye kuponya kwa nguvu za roho, na kila ngazi inampa ujuzi mmoja kamili, kwa hiyo hakuna ngazi inayopotea. Kilichonifanya nikiweke cha pili ni kwamba mchanganyiko umekuwa wa kila mtu na wa kila wakati, hivyo siku ya kuongoka haina uzito wa pekee katika kanuni.

3. Pathfinder, toleo la pili

Hiki ni cha wanaopenda kuchagua vitu vidogovidogo, na nakipendekeza kwao kwa moyo wote. Fani yako ya mwanzo haibadiliki kamwe. Unachofanya ni kutumia nafasi za vipaji, yaani uwezo mdogomdogo unaouchagua unapopanda ngazi, kuchukua sehemu ya fani nyingine, kuanzia ngazi ya 2. Mwizi anabaki mwizi mwenye ukasisi pembeni. Makali yake hayapungui, lakini hawezi kuacha wizi kabisa. Ukishaingia fani ya pili, lazima uchukue vipaji viwili zaidi vya humo kabla ya kugusa ya tatu.

Nunua kitabu cha Player Core cha mwaka 2023, kwani mwizi na kasisi wote wamo. Kanuni zenyewe zinasomeka bure, kwa idhini ya wachapishaji wake, Paizo, kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kwa hiyo soma kwanza kisha ulipe.

4. Dungeons & Dragons

Ulianza mwaka 1974 ukiwa na fani tatu: mpiganaji, mchawi na kasisi, mwizi aliongezwa mwaka uliofuata. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kina fani 12, na kila moja ina matawi manne yanayochaguliwa ngazi ya 3. Kuchanganya fani kunaruhusiwa, ila gharama yake inauma. Mwizi wa ngazi ya 4 akichukua ngazi moja ya ukasisi, pigo lake la kuvizia linabaki dadu mbili wakati mwizi mwenzake wa ngazi ya 5 ana tatu. Tena anatakiwa awe na angalau alama 13 kwenye wepesi na kwenye hekima. Mchezaji ambaye hekima aliiweka 10 siku ya kwanza, akiwa hajui hadithi itamfikisha wapi, mlango umefungwa. Kinunue ikiwa marafiki zako wote tayari wanakicheza. Hiyo ni sababu nzuri ya kutosha.

5. Worlds Without Number

Kevin Crawford alikitoa mwaka 2021, na toleo lake la bure lina kanuni zote za msingi. Unaweza kuunganisha nusu ya fani moja na nusu ya nyingine vizuri sana, lakini lazima uamue unapoumba mhusika. Kwa mwizi wetu aliyeongoka baadaye, msimamizi wa mchezo atalazimika kubuni njia mwenyewe.

Kabla ya kulipa, angalia pia dadu. Pathfinder na Dungeons & Dragons zinahitaji seti nzima, kuanzia ya pande 4 hadi ya pande 20. Kwa Demon Lord, dadu ya pande 20 na chache za pande 6 zinakutosha. Na kundi zima linaweza kuanza na nakala moja ya kitabu.