Uzoefu wangu: kutafuta jezi za kale za besiboli kwenye picha na magazeti ya Maktaba ya Bunge la Marekani

Kazi yangu ni cherehani. Naishi Ohio, na kwa miaka kadhaa sasa wateja wangu wakubwa ni vilabu vya watu wazima wanaocheza besiboli kwa kanuni za miaka ya 1860: hakuna glovu, hakuna namba mgongoni, na nguo ni za wakati ule. Watu hawa hawataki nguo za maigizo. Mmoja akiona kola imekaa kisasa anakurudishia shati. Kwa hiyo kabla sijashika mkasi lazima nijue shati lilifungwaje, suruali iliishia wapi, herufi ya kifuani ilishonwaje na rangi ilikuwa ipi.

Nimejaribu huduma za kulipia na za bure. Niliyobaki nayo ni ya bure: makusanyo ya picha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, pamoja na hazina ya magazeti ya maktaba hiyohiyo inayoitwa Chronicling America. Hujiandikishi, huulizwi kadi ya benki, na unaingia ukiwa popote, uwe Columbus au Kariakoo. Magazeti peke yake yana kurasa zaidi ya milioni 20 zilizopigwa picha, na kila ukurasa unaweza kuukuza, kuusoma na kuupakua.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, nieleze kidogo kwa nini fundi anahangaika na mwaka 1869. Huo ndio mwaka ambao Cincinnati Red Stockings walijitokeza hadharani kuwa timu ya kwanza ambayo wachezaji wake wote walilipwa. Kiongozi wao alikuwa Harry Wright, mzaliwa wa Sheffield, Uingereza, na mdogo wake George alicheza pamoja naye. Mwaka huo walishinda mechi zao zote rasmi, 57. Lakini kwangu mimi ushindi wao mkubwa uko kwenye mshono. Klabu ya Knickerbocker ya New York, iliyochagua sare yake mwaka 1849, ilivaa suruali ndefu za sufu za buluu, mashati meupe ya flaneli na kofia za majani. Wengi wakaifuata suruali ndefu. Cincinnati wakaikata, ikaishia chini kidogo ya goti, na mguu uliobaki wazi wakauvisha soksi ndefu nyekundu. Tangu hapo soksi ndiyo ikawa bendera ya timu, na mpaka leo Boston na Chicago zinabeba majina yaliyotokana na soksi. Nafurahi sana kwamba jina la fundi anayetajwa katika kumbukumbu za Cincinnati kuwa ndiye aliyewashonea halikupotea: Bertha Bertram. Mafundi wengi wa zama zile hawakupata bahati hiyo.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe, na nianze na jambo lililonifanya niithamini kuliko zote, yaani rangi.

Picha za wakati ule zinadanganya rangi, tena zinadanganya kwa utaratibu. Vioo na dawa zilizotumika kupiga picha katika miaka ya 1860 na 1870 viliiona zaidi buluu, na nyekundu havikuiona karibu kabisa. Kwa hiyo kitu chekundu kinatoka kimekolea kama cheusi, na samawati inatoka nyeupe au kijivu hafifu. Ukiitazama ile picha maarufu ya Red Stockings, soksi ni nyeusi tii, na ile herufi C ya mwandiko wa mapambo katikati ya kifua nayo ni nyeusi. Kama hujui habari zao utawashonea soksi nyeusi na herufi nyeusi. Vioo vinavyosoma rangi zote kwa ulinganifu vilianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo tatizo hili linakufuata kwenye karibu kila picha ya timu ya karne ya 19.

Dawa yake ni gazeti. Picha halisi zilikuwa bado hazichapiki kwa urahisi magazetini. Hilo lilikuja kuwa jambo la kawaida karne ilipokaribia kwisha. Mwandishi aliyekwenda uwanjani alilazimika kumchorea msomaji kwa maneno. Timu ngeni ikiingia mjini, mara nyingi anaanza na mavazi: shati la rangi gani, mkanda wa rangi gani, kofia ina ukingo wa mbele au haina, soksi zipi. Sentensi mbili za aina hiyo zina thamani kwangu kuliko picha kumi. Picha inanipa mkato, gazeti linanipa rangi, na Maktaba ya Bunge imeviweka vyote viwili chini ya paa moja.

Mfano mzuri ni mwaka 1882. Kabla ya msimu huo National League, ligi ya timu za kulipwa, ilipitisha agizo la ajabu kidogo: rangi ya shati ifuate nafasi ya mchezaji, na timu itambulike kwa soksi tu. Mrushaji wa kila timu avae samawati, mdakaji nyekundu ya kuwaka, na yule anayelinda kati ya besi (vituo vya kukimbilia) ya pili na ya tatu avae damu ya mzee. Soksi za Boston ziwe nyekundu, za Chicago nyeupe, za Providence samawati, za Worcester kahawia, za Troy kijani. Watazamaji waliwacheka, wachezaji wakalalamika, na mpango wa mashati haukumaliza msimu. Sasa chukua picha za mwaka ule bila gazeti. Soksi za Providence na za Chicago zote zitaonekana nyeupe. Za Boston na za Worcester zote zitaonekana nyeusi. Hapo hata uwe na jicho kali kiasi gani, utakwama. Ukitafuta habari za besiboli za majira ya baridi na masika ya kuingia 1882, unalikuta agizo lenyewe limechapwa likiwa na orodha ya rangi.

Kwa upande wa mkato, nakaa sana kwenye mkusanyiko wa kadi za besiboli wa Benjamin K. Edwards. Ni kadi zipatazo 2,100 za kati ya 1887 na 1914, na mshairi Carl Sandburg ndiye aliyeikabidhi maktaba mwaka 1954. Humo nazipenda zaidi kadi za Old Judge, zilizotolewa pamoja na sigara za jina hilo. Ni vijipicha vya inchi moja na nusu kwa mbili na nusu hivi, wachezaji wamepigwa studio mbele ya pazia lililochorwa. Ukikuza faili kubwa unamwona mtu amenyoosha mikono kudaka mpira, na mpira wenyewe unaning'inia kwenye uzi. Uzi unaonekana kabisa! Basi ikiwa uzi unaonekana, kamba za kufungia shati zinaonekana pia: unahesabu matundu, unaona kama kamba imeanzia shingoni au chini ya kola, unaona mkono umekunjwa au umeshonewa pindo, unaona sufu inavyovimba kiunoni pale mkanda ulipobana. Hizo ndizo habari ambazo fundi anazihitaji.

Pia yapo makusanyo ya George Grantham Bain, mpiga picha wa habari wa New York, negativu za kioo takriban 40,000, nyingi za miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 20. Kwa jezi za 1910 hivi hakuna kama hizo. Mwaka 1912, kwa mfano, New York Yankees walianza kuvaa mistari myembamba. Kwenye picha ndogo mistari ya namna hiyo inamezwa na unaona shati jeupe tupu. Kwenye faili la TIFF, lile kubwa kuliko yote, inarudi. Ndiyo maana nasisitiza: usiamue lolote kwa kuangalia kijipicha cha kwanza. Anayetumia bando la simu aanze na JPEG ya ukubwa wa kati, maana TIFF moja inaweza kula makumi ya MB, na nyingine zaidi.

Jambo moja la kuangalia kwa makini: picha zilizopigwa moja kwa moja kwenye bati zinatoka zimegeuzwa, kushoto kunakuwa kulia. Tazama vifungo. Shati la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu. Ukiona kinyume chake, na herufi zimepinduka, geuza picha kwanza ndipo uchukue vipimo. Mashati ya miaka ya 1860 yenye kile kipande cha ziada kifuani, kilichozungukwa na vifungo kama ya wazima moto wa zamani, yanahitaji uangalifu huu kuliko mengine.

Udhaifu upo. Maandishi ya magazeti yalisomwa na kompyuta kutoka kwenye mikrofilamu, na pale wino ulipofifia au ukurasa ulipokunjwa, neno linaharibika na utafutaji hauligundui. Usitegemee neno moja. Zamani waliandika base ball kwa maneno mawili, na timu waliiita nine, kwa hiyo tafuta hivyo, kisha jaribu majina ya vilabu, majina ya wachezaji, hata jina la uwanja. Bora zaidi ni kujua tarehe ya mechi, kufungua gazeti la mji ule la kesho yake, na kulisoma kwa macho ukurasa kwa ukurasa. Inachosha, lakini ndiyo njia iliyonipa vitu vizuri. Upungufu mwingine ni kwamba si kila gazeti limo. Kwa hiyo naongezea gazeti la New York Clipper kwenye hazina ya Chuo Kikuu cha Illinois, gazeti la Sporting Life kwenye hazina ya LA84 Foundation, taasisi ya michezo ya Los Angeles, Daily Alta California kwenye hazina ya magazeti ya California (Red Stockings walifika huko Septemba 1869, miezi michache tu baada ya reli ya kuvuka bara kukamilika), na picha za mkusanyiko wa Spalding kwenye Maktaba ya Umma ya New York. Zote ni bure.

Huduma ya kulipia niliyowahi kuwa nayo ilikuwa na utafutaji mwepesi na ukataji mzuri wa habari, hilo siwezi kulikataa. Lakini bei yake ilipanda, na kujitoa ilikuwa shughuli. Kwa mtu anayetafuta ukoo wake huenda inafaa. Kwa fundi anayetaka kujua rangi ya mkanda, sioni sababu ya kulipa.

Nyota nne kati ya tano, na hiyo moja naishikilia kwa sababu ya usomaji wa herufi tu. Anayetaka kujaribu aanze na magazeti ya Washington ya mwisho wa Juni 1869, Red Stockings walipokwenda kucheza huko na kupokewa na Rais Grant. Evening Star ya siku hizo imo. Fungua ukurasa mzima, acha kwanza kisanduku cha kutafutia, usome safu za habari za mji mpaka uikute mechi. Ukishazoea sura ya ukurasa wa namna hiyo, magazeti ya miji mingine hayatakusumbua.