QGIS kwa ramani za Mwezi: uzoefu wangu hapa Wete

Visiwani kwetu wengi tuliijua QGIS, programu ya kompyuta ya kuchorea ramani, kupitia ramani za droni, tangu mradi wa ZMI (Zanzibar Mapping Initiative) ulipoanza mwaka 2016 kupiga picha Unguja na Pemba kutoka juu. Mimi nafundisha jiografia skuli ya sekondari hapa Wete, na safari hii nimeitumia kwa kazi nyengine kabisa: bango la Mwezi la karatasi ya A0, la kubandika darasani. Programu ni ya bure na kazi inaiweza vizuri sana. Ila ukiiachia ijiamulie yenyewe, picha inatoka mbovu, na lawama zote huangukia data.

Data ni safi. Nimetumia picha ya Mwezi mzima iliyounganishwa kutokana na kamera ya LRO, chombo cha NASA kinachouzunguka Mwezi, kilichorushwa mwaka 2009. Kila pikseli ni mita 100, upana wake pikseli 109,164, faili karibu GB 6. Kwa bando zetu usijaribu kulishusha. Mimi nililetewa kwenye hadi diski kutoka Unguja. Faili hilo ni la mstatili, nami nilitaka uso wa duara kama tunavyouona usiku tukiwa nje. Toleo la mwanzo nilipolionesha darasani, mwanafunzi mmoja alisogea akatia kidole kwenye kreta ya Tycho: "Maalim, mbona ukingo wake una meno?" Alisema kweli. Ukingo ulikuwa umekatika ngazi ngazi, na miale myeupe inayotawanyika kutoka Tycho imejaa chembechembe.

Kwanza tenganisha skrini na faili. QGIS inapokuonesha tabaka huligeuza papo hapo, na kwa kawaida yake hutumia njia ya jirani wa karibu: pikseli mpya inachukua thamani ya pikseli moja tu ya zamani, nyengine zinaachwa. Ingia kwenye sifa za tabaka, weka kyubiki (cubic, njia inayochanganya pikseli kadhaa za jirani) kwa kukuza na wastani kwa kupunguza. Meno yakiondoka, faili lako ni zima. Yangu hayakuondoka.

Kazi yenyewe ya kubadilisha projeksheni, yaani namna uso wa mviringo unavyotandazwa kwenye ramani bapa, inafanywa na gdalwarp, programu ndogo inayotumiwa na QGIS, ambayo nayo huanza na jirani wa karibu. Kwa ramani ya matumizi ya ardhi hilo ni sawa, maana hutaki msitu na makaazi vichanganywe vikazaa kitu cha tatu. Kwa picha halifai. Na ukubwa wa pikseli usipoutaja, programu inakuchagulia. Bora uanzie kwenye karatasi: A0 ina upana wa milimita 841, kwa nukta 300 kila inchi ni pikseli 9,933. Kipenyo cha Mwezi ni kilomita 3,474.8. Ukigawa unapata mita 350. Nikaandika -tr 350 350 (ukubwa wa pikseli) na -r cubic (njia ya kugeuza), na Tycho yenye upana wa kilomita 85 ikatoka sentimita 2 hivi, ukingo laini, mlima wake wa katikati unaonekana. Lanczos, njia nyengine ya kugeuza, nimeijaribu, ina ukali zaidi, lakini inaacha utepe mweusi kandokando ya kingo zinazong'aa, na kwenye karatasi siupendi.

Data za mwinuko zinaumia zaidi. Ukizigeuza kwa jirani wa karibu kisha ukatia kivuli cha milima, inatokea mistari ya wima na mlalo kama ubavu wa dema. Kyubiki inaiondoa.

Ncha ni habari nyengine. Ramani za kwetu tunazichora kwa UTM, projeksheni inayoigawa Dunia kwa kanda, kanda ya 37 Kusini, na kisiwa ni kidogo, pikseli hazivutwi. Kwenye ramani ya mstatili ya Mwezi mzima, ukifika latitudo 60 kila pikseli imebeba nusu tu ya upana wake wa ardhini, ukifika 85 ni chini ya mita 9, na kwenye ncha yenyewe safu nzima ya pikseli inagombania nukta moja. Ukiigeuza uione kreta ya Shackleton, yenye upana wa kilomita 21 pale ncha ya kusini, unapata michirizi, na hakuna chaguo la kuitibu. Chukua picha za ncha zilizotengenezwa peke yake. Timu ya kamera ya LRO inazitoa, kwa mita 100 vilevile.

Geuza mara moja tu, kutoka faili la asili, uhifadhi TIFF. JPEG, inayopunguza ubora wa picha, iache mpaka mwisho.

Jambo lililonifurahisha: matoleo mapya ya QGIS yanagoma kugeuza data za Mwezi kwenda mfumo wa latitudo na longitudo wa Dunia. Ujumbe wa kosa unakera, lakini unakuokoa. Weka mradi wako kwenye IAU_2015:30100, msimbo wa mfumo unaouchukulia Mwezi kuwa duara kamili, na utakwenda.

Sasa naandaa bango la Mirihi, na huko kuna mtego mwengine. Mirihi imebonyea: nusu kipenyo kwenye ikweta ni kilomita 3,396.19, kwenye ncha 3,376.20. Baadhi ya mafaili yanaichukulia duara, mengine yanahesabu ubonyeo. Ukiyachanganya bila kuangalia, picha inabaki kali kabisa lakini kreta zinahama, latitudo za kati hadi kilomita 20 hivi.