Kliniki ya magoti: nimelipia ushauri, nimepewa kejeli

Sijui hata niwape nyota ngapi. Jengo safi, foleni inatembea, picha ya goti unapata siku hiyo hiyo. Ila daktari wao, jamani!

Naingia, goti la kulia limevimba kidogo, nikishuka ngazi lazima nishike ukuta. Hakuligusa. Katazama picha, kanitazama mimi kuanzia kichwani hadi miguuni, mlango wazi, watu kwenye benchi wanasikia: "Mama, goti lako ndiyo kwanza linaanza kusagika. Umelibebesha gunia. Kapunguze mwili." Vijana wa mapokezi wakaangua kicheko. Mimi, mtu mwenye wajukuu!

Nikamuuliza nitapunguzaje na kutembea kwenyewe ni taabu. "Utajua mwenyewe, mama." Kisha akaniandikia makopo ya glukosamini, vile vidonge vinavyodaiwa kusaidia viungo, bei haishikiki, yanauzwa dirishani kwao. Nimekuja kusoma kuwa utafiti mkubwa wa Marekani wa 2006 uliipima, na kwa jumla haikuzidi kidonge kisicho na dawa yoyote.

Haki isemwe lakini: humo humo, chumba cha mwisho, kuna binti wa fiziotherapia. Huyo alibonyeza goti kwa kidole gumba, akaniambia nikunje mikono kifuani niinuke kitini, yeye kachuchumaa anaangalia goti linavyoyumba. Ndiye aliyenieleza kwamba ukipunguza kilo moja, goti linapunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua. Tena si uzito tu: mafuta mwilini hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, ndiyo maana wanene huumwa hata viungo vya vidole, na vidole havibebi mwili. Gegedu, ile tabaka laini inayozuia mifupa ya goti isisagane, ikishalika hairudi, kwa hiyo pa kuwahi ni hapa mwanzoni. Chakula na mazoezi viende pamoja. Akanipa mazoezi ya kukaza misuli ya paja, chapati za asubuhi akazikata, soda usiseme.

Maumivu yamepungua, siwezi kukataa. Na ukiangalia, yule daktari naye alisema hilo hilo la mwili. Basi nendeni tu, nyota tatu.

Ila juzi nimeomba nionane na binti moja kwa moja. Mapokezi wananiambia lazima nipite kwa daktari kwanza, na nilipie upya. Kwa yule yule! Nyota moja, na hiyo ni ya binti.