AC ya bei rahisi hapa Kyela: nimeitengeneza mara ya kwanza, nikaitengeneza tena, mwisho nimenunua mpya

Habari zenu wakuu. Najua watu wa Mbeya mjini wakisikia mtu ana AC nyumbani wanashangaa, na wako sahihi kabisa, kule mko juu kama mita 1,700 na mwezi wa 6 na wa 7 mtu analala na blanketi mbili. Sasa teremka Tukuyu, uendelee kuteremka mpaka Kyela karibu na Ziwa Nyasa, hapo umebaki na mita kama 500 tu, ikifika mwezi wa 10 na wa 11 lile joto la unyevunyevu unageuza mto usiku kucha. Chumba cha baba yangu ndo niliweka AC, mzee joto linamsumbua sana. Split, yaani kipande kimoja ndani na kingine nje, ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza), ya bei ya chini, isiyo inverter, maana yake inawaka kwa nguvu zote au inazima, haipunguzi kasi. Hapa naeleza nilivyoishi nayo maana naona watu wanatupa mashine nzima nzima na wengine wanatia hela kwenye mashine iliyokwisha.

Shida ya kwanza ilikuwa hivi, ndani feni inapuliza vizuri lakini hewa ya kawaida tu, nje kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inaguna mmmm sekunde chache halafu tak, kimya, baada ya muda inaguna tena. Fundi wa kwanza hata kifuniko hakufungua, akasema mama gesi imeisha, lete laki. Nikakataa. Jamani hili neno la gesi imeisha naomba mlisikilize kwa makini, AC haili gesi kama gari linavyokula mafuta, ile gesi inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka yote, ikipungua ujue kuna mahali inavuja au aliyeifunga hakukaza vizuri, kwa hiyo anayetaka kujaza bila kutafuta inapotokea anakuandalia safari nyingine ya kumwita.

Nikampata kijana mmoja wa Mwanjelwa, kule Mbeya mjini, mafundi wa AC huku ni wachache, wengi ni wa friji, akapanda gari akaja. Yeye alianza na mita, akapima umeme kwanza, halafu akazima breka, akafungua ile ya nje akanionyesha kapasita, lile kopo la silva linaloisaidia kompresa kuanza, kichwa chake kimevimba juu kama kinataka kupasuka. Pembeni imeandikwa 35, ndo kipimo chake ikiwa nzima, mita inasoma 11. Kabla hajaigusa aliitoa chaji kwanza, na hapa nasisitiza, kapasita inabaki na umeme hata ukishazima kila kitu, usipeleke mkono wako humo kwa sababu umeona video. Akaweka nyingine, kompresa ikaamka hapo hapo. Kapasita elfu 20, ufundi elfu 30, na nauli yake nikamlipa kwa moyo mweupe. Fikiria ningetoa ile laki, gesi ingejazwa juu ya gesi na mashine isingewaka.

Ikaenda vizuri muda mrefu tu, halafu ikaanza kupoza kidogo kidogo na lile bomba jembamba la nje likawa linashika barafu. Barafu ina sababu zake, mara nyingi ni filta chafu hewa haipiti, hiyo unatoa mwenyewe unaosha na maji unakausha kivulini unarudisha, hailipiwi fundi. Vumbi la huku kiangazi ni balaa, mimi naosha kila mwezi. Filta yangu ilikuwa safi, kwa hiyo safari hii kweli gesi ilikuwa imepungua. Kijana akachanganya sabuni ya maji kwenye kikombe, akapaka kwenye nati za mabomba pale nyuma, tukakaa tunaangalia, nati moja ikaanza kutoa vipovu vidogo vidogo, kimoja, kingine, kingine. Ndo hapo. Akakata ile ncha ya bomba akaitengeneza upya, akakaza, akavuta hewa yote na pampu, halafu ndo akajaza. Kama fundi hana pampu ya kuvuta hewa mwambie arudi kuifuata, hewa na unyevu vikibaki humo ndani vinaiua kompresa taratibu. Na msomee karatasi iliyobandikwa kwenye mashine ya nje, imeandikwa aina ya gesi na gramu zake. Yangu ilikuwa R410A, hiyo huwezi kuchanganya na R22, gesi ya mashine za zamani, presha ni tofauti na hata oili ya kompresa ni tofauti.

Shida ya tatu ndo ilikuwa mwisho wake. Ukiwasha tu breka inakata. Akachomoa waya za kompresa, breka ikatulia, akapima zile pini tatu na bodi la chuma la kompresa, mita ikalia, maana yake waya za ndani zimeungua zimegusa chuma. Mimi nadhani umeme wa jioni ndo uliichosha, ulikuwa unashuka mpaka taa zinafifia na sikuwa nimepata stebilaiza inayobeba AC. Kompresa mpya alinipigia hesabu laki nne na nusu, ongeza gesi, ufundi na kusafisha mabomba maana oili iliyoungua inabaki humo, inafika laki sita na zaidi. Mashine mpya ya size hiyo Mbeya nimeikuta laki tisa na ina waranti. Hapo sikufikiria mara mbili.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu, kapasita, feni ya nje, filta, bomba la maji kuziba mpaka yanadondoka ukutani, gesi iliyovuja kwenye nati, hivyo vyote tengeneza hata kama mashine ina umri. Kompresa ikiungua kwenye AC ya bei rahisi ambayo waranti imeisha, acha. Koili ya ndani, yale mabomba yaliyokunjwa yanayopoza hewa, ikitoboka pia acha. Na kama bado una ile ya R22 usiitilie hela kubwa, hiyo gesi dunia inaiondoa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inaharibu ozoni, na nchi zetu mwaka wa kuibana karibu yote ni 2030.

Mpya nimechukua inverter ya gesi ya R32, BTU 9,000, maana chumba cha mzee ni kama mita 3 kwa 4 na ile ya 12,000 ilikuwa inapoza haraka inazima kabla unyevu haujatoka, chumba baridi lakini shuka zina unyevu. Hii inazunguka polepole muda mrefu, chumba kinakauka, na yuniti za LUKU zimepungua naona kabisa. Nimeweka stebilaiza siku hiyo hiyo ya kufunga. Wasiwasi wangu ni bodi yake, ile sahani ya umeme inayoiongoza, inverter bodi ikifa ni ghali, ndo maana risiti na kadi ya waranti nimevipiga picha nikavihifadhi kwenye simu ya mdogo wangu pia.