Kununua Kauri Zenye Nyuzi: Ulizia Digrii 700, Si Kilele cha Joto

Bamba la silikoni kabidi (kauri ya silikoni na kaboni) lenye nyuzi za kitu hicho hicho ndani yake, nililolinunua liwe rafu ya tanuri langu, liliandikwa kuwa linahimili digrii 1,400 za Selsiasi, nami nikalitumia kwenye digrii 700 tu, nikidhani ninalitunza. Halikukaa sana; lilikatika kama chaki.

Nyuzi za silikoni kabidi huvikwa utando mwembamba unaoziwezesha kuteleza kidogo badala ya kukatika pale ufa unapozifikia, na utando wa bamba langu ulikuwa wa kaboni, ambayo hewani huanza kuliwa na oksijeni karibu na digrii 500. Joto likizidi digrii 1,000, silikoni kabidi hutoa silika (oksidi ya silikoni) upesi kiasi cha kuziba nyufa kabla oksijeni haijapenya mbali. Kwenye digrii 700 silika hiyo huota polepole mno, kwa hiyo nyufa hubaki wazi, kaboni hutoweka, na hatimaye silika hugandisha nyuzi na kauri inayozizunguka zikawa kitu kimoja kinachokatika kirahisi. Joto la kadiri ndilo linaloua, nalo halimo katika karatasi za wauzaji.

Chaguo langu la kwanza, na upendeleo wangu siufichi, ni kauri ya oksidi yenye nyuzi za Nextel 720, ambazo ni za alumina (oksidi ya alumini) na mulaiti (oksidi ya alumini na silikoni). Kilicho oksidi tayari hakina cha kuoksidishwa, na ufa huzuiwa na vinyweleo (vitundu vidogo sana) vya kauri yenyewe, si na utando. Kasoro yake ni kwamba karibu na digrii 1,200 vinyweleo huanza kujifunga na nyuzi hurefuka chini ya mzigo.

Anayehitaji joto zaidi achukue silikoni kabidi yenye nyuzi za Hi-Nicalon Type S, ambazo nazo ni za silikoni kabidi, na utando wa boroni nitridi, unaostahimili kuliko kaboni. Penye mvuke mwingi wa maji, silika yenyewe hugeuka gesi ikapeperuka, kwa hiyo aulize kama koti la kinga limo katika bei. Mara nyingi halimo.

Silikoni kabidi yenye nyuzi za kaboni ni nafuu, lakini hutoka kiwandani ikiwa na nyufa tayari. Inafaa diski za breki.

Siku hizi ninadai matokeo ya jaribio la hewani, chini ya mzigo unaopita ule unaoleta ufa wa kwanza, kwenye digrii 700. Wengi hunitumia tena kilele cha joto. Aliyeniuzia bamba alisema kosa ni langu, kwa kutolifikisha kwenye joto lake, kisha akaniuliza kama ningependa jingine.