Nilikodi gari Kampala nikaliendesha mwenyewe hadi Kabale: uzoefu wangu

Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Ni RAV4 ya zamani, ile ambayo ukiulizia gari la kukodi Kampala ndiyo watakayokutajia kwanza. Dola 50 kwa siku bila dereva, bima ikiwemo, mafuta juu yako. Uganda wanaendesha kushoto kama sisi, na leseni yangu ya Tanzania waliitazama, wakaipiga picha, yakaisha.

Ugomvi wangu ni mahali kampuni ilipolikabidhi. Niliomba nilichukulie uwanja wa ndege Entebbe, wakagoma: makabidhiano ni ofisini kwao mjini, basi. Kwa mtu anayeelekea Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kupitia Masaka na Mbarara, hili si jambo dogo. Pale Entebbe kuna barabara ya kulipia, shilingi 5,000 za Uganda kwa gari dogo, nayo inakutoa moja kwa moja hadi Busega, inapoanzia safari ya Masaka, bila kuligusa jiji. Mimi nikaingizwa Kampala kwa gari la mtu, nikalala, kisha nikatakiwa kutoka tena na gari nisilolijua breki zake.

Kijana wa makabidhiano alikuwa na haraka. Alinipa karatasi nisaini huku gari bado limezimwa. Nikamwambia, "Taratibu ssebo (bwana, kwa Kiganda), safari ni yangu." Tukafungua nyuma: tairi ya akiba ipo na ina upepo, jeki ipo, spana ya nati hakuna. Akaenda kuichomoa kwenye gari jingine uani. Hapo nikajua mteja anayefuata naye ataikosa, lakini hayo ni yao. Pembetatu na mtungi wa kuzimia moto vilikuwepo. Nikachukua video ya mikwaruzo yote, hasa bampa ya nyuma ambayo ilikuwa na historia ndefu. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kabisa. Mkataba unasema urudishe kiwango ulichokikuta.

Niliondoka giza halijaisha, nikiwa upande wa Kololo, mtaa wa hapohapo Kampala. Usikatishe katikati ya mji. Tafuta barabara ya mzunguko ya kaskazini, ipite Kalerwe, Bwaise, Namungoona, itakushusha Busega. Nilidhani mtihani umeisha. Kumbe unaanza pale, kati ya Busega na Kyengera, ambako malori, magari ya abiria na wanaowahi kuingia mjini wanagombea lami moja. Bodaboda zinakupita kulia na kushoto kwa wakati mmoja, nyingine inakuja uso kwa uso nawe, imebeba mlango wa chuma. Nilichojifunza kwa kuwatazama madereva wa pale: shika mstari wako, tembea mwendo mmoja, usishtuke. Bodaboda ameshapiga hesabu ya utakapokuwa sekunde mbili mbele. Ukikwepa ghafla ndipo unapomharibia. Na vioo vya pembeni vikunje wakikuambia uvikunje. Mimi nilikunja, jirani yangu hakukunja, nikasikia "kwa!"

Baada ya Mpigi mambo yanatulia. Kayabwe utauona mstari wa Ikweta na watu wamejipanga kupiga picha, simama kama una muda. Lukaya simama hata kama huna. Wauzaji wanaikimbilia gari na mishikaki ya kuku na gonja, yaani ndizi za kuchoma, za moto hasa, wanaingiza mkono dirishani kabla hujavuta breki ya mkono. Chenji idai kabla ya kula.

Matuta na rasta (vile vituta vidogo vya mfululizo) viko kila kijiji na vingine havina rangi, kwa hiyo usiku usijaribu. Trafiki wanavaa nyeupe kama wa kwetu. Aliyenisimamisha mbele ya Masaka alianza kwa Kiingereza, nikamwitikia "Shikamoo afande," akacheka: "Marahaba. Wa Dar huyo!" Akatazama leseni na stika ya bima, akanitakia safari njema.

Mbarara hadi Kabale ni lami na milima, RAV4 ilipanda bila malalamiko hadi ziwa Bunyonyi. Nilitamani kuvuka mpaka wa Katuna kuingia Rwanda, ila kwa gari la kukodi lazima kampuni ikupe barua ya ruhusa na bima ya COMESA, ile ya gari linalovuka mpaka, na kule wanaendesha kulia. Kama unataka, iombe siku ya kulipa, usingoje ukiwa Kabale.

Kurudisha kulikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Yule kijana aliinama kwenye bampa, nikamwonyesha video, akasimama. Dhamana niliyoweka wakati wa kukodi nikarudishiwa yote papo hapo. Mafuta niliyobakiza, karibu robo tangi, hakuna aliyetaka kuyazungumzia, nami niligoma kuwaachia hivi hivi: nikamwambia anipeleke stendi ya mabasi kwa gari hilohilo. Akanipeleka. Nawapa nyota tatu.