TAHADHARI: Herufi zilizokatwa kwenye vitabu vya kale vya kwaya. Msilipe kabla ya kuona upande wa nyuma

Wanakwaya wenzangu mlioko Ulaya, nawaomba msome hii kabla hamjachangishana.

Mimi ni mweka hazina wa kwaya yetu hapa London. Padri wetu alikuwa anatimiza miaka 25 ya upadri, tukachanga pauni 640 tumnunulie zawadi. Nikampata mtandaoni muuzaji wa herufi kubwa za mwanzo wa wimbo zenye nakshi, zilizokatwa kutoka kwenye vile vitabu vikubwa vya Italia vyenye kurasa za ngozi ambavyo kwaya nzima ilisimama mbele ya kitabu kimoja ikasoma humo humo. Akanihakikishia ni ya miaka ya 1400. Herufi S, ndani yake Bikira Maria na Mtoto, inameremeta dhahabu. Nilipoifungua machozi yalinitoka.

Siku ya tatu ndipo nikasoma maandishi yaliyobaki pembeni ya herufi: "d te levavi". Aliyewahi kuimba Kilatini Jumapili ya kwanza ya Majilio ameshaelewa. Ni Ad te levavi, Zaburi ya 25, "nakuinulia nafsi yangu". Pale panatakiwa A. Hiyo S imetoka wapi?

Nikaipeleka kwa mama mmoja anayekarabati vitabu vya zamani. Akaiinua kwenye taa, akaniita nitazame. Ngozi ni ya kale kweli, na nota za mraba za upande wa nyuma ni za kweli. Lakini mbele pamekwanguliwa mpaka ngozi imekuwa nyembamba, mwanga unapenya, na mguu wa ile A ya zamani bado unaonekana kama kivuli chini ya joho la Maria. Dhahabu nayo imepakwa juu ya rangi. Wachoraji wa zamani walitanguliza dhahabu, wakaisugua ing'ae, rangi ikafuata.

Ujanja huu una umri. Alikuwepo mghushi ambaye jina lake halijulikani mpaka leo, wataalamu humwita Spanish Forger, yaani Mghushi wa Kihispania. Naye alichora juu ya kurasa halisi za vitabu vya kwaya. Belle da Costa Greene wa maktaba ya Morgan, New York, ndiye aliyeanza kumtambua, mwaka 1930. Baadaye rangi yake ya kijani ilipimwa, ikaonekana ni ya aina ambayo haikuwepo kabla ya 1814.

Na hata iliyo halisi, ulizeni imetoka wapi. Askari wa Ufaransa walipora vitabu vya Kanisa la Sistina, Vatikani, mwaka 1798, na mwaka 1825 vipande vya vitabu vya namna hiyo vikapigwa mnada hapa hapa London. Makanisa ya Italia yameendelea kuibiwa. Polisi wao, Carabinieri, wana orodha ya vitu vya sanaa vilivyoibiwa, itazameni kwanza. Muuzaji akikataa kuwatumia picha ya nyuma, au picha iliyopigwa taa ikiwa nyuma ya ngozi, achaneni naye.

Wangu amekataa kurudisha hela na amenifungia mawasiliano. Jana ameweka nyingine sokoni: herufi D, malaika wawili, kijani kile kile cha herufi yangu. Pembeni yake nimesoma "uer natus". Hiyo ni Puer natus est, ya Krismasi. Ilikuwa P.